Mimba Waliyompa Mwanaisha

Msimu ule wa harusi, korosho zilipokwisha kuuzwa na watu wakapata cha kutumia, habari iliyozunguka mtaa wa Ufukoni haikuwa ya bi harusi yeyote. Ilikuwa ya tumbo la Mwanaisha, tumbo ambalo, tuseme ukweli, halikuwa na kitu zaidi ya ugali wa muhogo na kisamvu cha jana yake. Lakini watu walikwisha kumpa mimba. Wengine walifika hadi kumchagulia mtoto jina.

Ushahidi wao haukuwa haba. Mwanaisha, mpishi mkuu wa shughuli za mtaa ule, alikuwa akiinama kupuliza moto, na akiinuka anashika ukuta. Chooni haishi kwenda. Miguu ilimjaa hadi ndara zinamwachia alama. Na samaki wa kukaanga, ambaye zamani alimla mpaka kichwa, sasa akisikia harufu yake anageuza uso. Wanawake wa mtaa ule wakiona hayo yote kwa mtu mmoja hawamwulizi anaumwa nini. Wanamwuliza una miezi mingapi.

Shida ilikuwa moja tu. Mumewe Hashimu, fundi mwashi, alikuwa Palma, ng'ambo ya Ruvuma, akijenga nyumba za watu tangu mwezi wa kwanza, na tangu aondoke hakuwa amekanyaga nyumbani.

*

Habari yenyewe ilipata miguu Jumamosi moja, nyuma ya nyumba ya Mzee Mohamedi, wakati Mwanaisha na wenzake wanapika pilau ya harusi. Masufuria matatu yalikuwa juu ya mafiga, moshi unawaingia watu machoni, na wifi yake Saida alikuwa anakaanga vitunguu. Saida ni dada wa Hashimu. Tangu aachike alikuwa anaishi nao nyumba moja, akapika pamoja na Mwanaisha harusi nyingi na misiba mingi, na katika zote hizo mawifi hao hawakuwahi kukubaliana juu ya chumvi.

"Wifi, chumvi hiyo unaionea huruma ya nini?" Mwanaisha alimwambia siku ile. "Ya Mzee Mohamedi, si yako."

"Nitie hadi watu walale na mitungi ya maji kitandani? Shughulika na kuni zako."

"Na hivyo vitunguu, unavikaanga au unatengeneza mkaa?"

Wapishi wengine walicheka wakaendelea kumenya. Walikwisha kuzoea. Walikuwa wakisema pilau isiyopigiwa kelele na mawifi wale haiivi sawasawa.

Mwanaisha akachuchumaa kusukuma kuni chini ya sufuria kubwa. Alipoinuka, uwanja ukazunguka. Ukuta ukaenda kulia, mnazi ukaenda kushoto, na yeye akanyoosha mkono bila kuona, akalidaka bega la Albertina aliyekuwa anakuna nazi. Albertina ni jirani yao, Mmakonde wa asili ya Msumbiji ambaye bibi yake alivuka mto wakati wa vita na hakurudi tena.

"Pole, dada, kaa," alisema Albertina, akimshika kiuno. "Na wewe nawe. Hali yenyewe hiyo, bado unasukuma kuni."

"Hali gani?"

Albertina akaziba mdomo kwa ncha ya kanga. "Dada, hapa sote wakubwa, hakuna ntoto. Ntu anamjua ntu."

Wanawake wakaangua kicheko. Mmoja akapiga kigelegele. "Hongera, Mama Riziki! Kumbe dukani bado hapajafungwa!"

Pale Mwanaisha angeweza kukata maneno yote kwa sentensi moja. Hakufanya hivyo. Alijipepea, akatabasamu, akasema, "Niacheni miye, mna maneno nyie," kwa sauti ya mtu ambaye hajakataa. Ilimpitia kichwani kwamba afadhali wadhani hivyo kuliko wajue. Hakuona kwamba Saida ameacha kugeuza mwiko na anamtazama, na vitunguu safari ile vikaungua kweli.

*

Kilichokuwapo cha kujulikana ni kwamba Mwanaisha alikuwa mgonjwa wa moyo. Presha ya siku nyingi ilikuwa imeuchosha moyo wake, ukapanuka, ukawa unasukuma damu kwa shida. Aliambiwa hivyo hospitali kubwa, alikokwenda peke yake baada ya kuaga nyumbani kwamba anakwenda mjini kununua viungo. Alirudi na viungo kweli, na chini ya viungo akarudi na dawa za aina nne.

Kufa hakukumtisha sana. Kilichomtisha ni kuhurumiwa. Alikwisha kuona lililompata Bi Halima, mwanamke aliyemfundisha kushika mwiko. Ilipojulikana kuwa Bi Halima ana moyo, walimnyang'anya mwiko kwa maneno matamu, wakampeleka kukaa sebuleni na wageni, soda mkononi. Akipita, watu wanashusha sauti. Hakuambiwa tena nani kaachwa, nani kagombana na nani, nani kakamatwa. Kaka yake alipofariki Newala, walimzika, wakaanua matanga, na Bi Halima yuko kwake anakunywa uji, kwa sababu kila mtu alisema yule ana moyo, asiambiwe. Alikuja kujua kwa mgeni aliyepita kumpa pole. Tangu siku ile, mtu akisita kidogo tu mlangoni kwake, Bi Halima anauliza, "Nani kafa?"

Mwanaisha aliapa hayatampata. Yeye alikuwa mtu wa moto na maneno, na ukimwondolea hivyo viwili humwachii kitu. Basi dawa zake akazificha ndani ya kopo la iliki za harusi, kopo ambalo hakuna mtu mwingine aliyeruhusiwa kulifungua.

Hospitali walikuwa wamemweleza vizuri: hizi asubuhi baada ya chai, hii jioni, hii wakati wa kulala. Lakini walioeleza hawakuwa wanaishi na Saida. Katika nyumba ile saa pekee ambayo Mwanaisha alikuwa peke yake ni alfajiri, Saida anaposwali. Basi hapo hapo alizimimina zote nne kiganjani, zikinukia iliki, akazimeza kwa funda moja la maji, tumbo tupu, kisha akaenda kuinama motoni. Alijiambia kwamba dawa ni dawa, zitagawana zamu zenyewe huko tumboni.

*

Siku ya pili baada ya harusi ile, Saida alikuwa kimya. Alipika maharage, akaonja, hakusema kitu. Mwanaisha akamchokoza makusudi.

"Wifi, maharage haya chumvi imekwenda likizo?"

Saida akaweka sahani chini. "Wifi, kaka yangu aliondoka mwezi wa ngapi?"

"Wa kwanza."

"Na huu ni mwezi wa ngapi?"

"Wa kumi na moja."

Saida akachukua sahani yake, akaenda kula chumbani kwake, akafunga mlango. Hapo ndipo Mwanaisha alipohesabu. Kumbe wakati anafurahi kwamba amewafumba watu macho, alikuwa amejipachika mwenyewe fedheha ambayo mwanamke wa umri wake haivui tena akishaivaa.

Akatoka kwenda dukani, wanaume wa bao wakanyamaza hadi akapita. Mwenye duka akamfungia ndimu alizotaka, akaongeza moja bure, akasema, "Hii ya mgonjwa wetu," na jicho akalikonyeza. Mama mmoja aliyekuwa amemwomba akapike hitima akatuma ujumbe kwamba wamepata mtu mwingine, yeye apumzike. Mwanaisha alirudi nyumbani na ndimu zake, akakaa jikoni, akalia kwa hasira.

Akili aliyoipata pale jikoni ilikuwa mbaya, ingawa yeye aliiona nzuri. Aliacha dawa. Na kweli, kesho yake kizunguzungu kikapungua, kesho kutwa kikaisha, safari za chooni zikawa za mtu wa kawaida. Alifagia uwanja akiimba. Alipita mbele ya watu wa bao amenyoosha shingo, anatembea kama askari, ili waone wazi kuwa hana kitu.

Halafu siku moja, akipanda kutoka pwani na ndoo ndogo ya dagaa, pumzi ikamkatika. Haikumwisha polepole kama ya mtu aliyechoka. Ilikatika. Moyo ukaenda mbio, ukaruka pigo, ukaenda mbio tena, na Mwanaisha akakaa kwenye baraza la nyumba ya watu asiowajua, mdomo wazi, akivuta hewa ambayo haiingii. Aliogopa sana. Alipoweza kutembea alikwenda moja kwa moja kwenye kopo la iliki, akameza zote nne, na asubuhi iliyofuata uwanja ukaanza kuzunguka upya.

Sasa hakuwa na pa kukimbilia. Akinyamaza, atampoteza mume. Akisema, atakuwa Bi Halima wa pili. Na bila dawa hatafika popote.

*

Habari ilivuka mto kwenye kivuko cha Kilambo bila hata kulipa nauli. Wafanyabiashara waliivusha pamoja na sabuni na sukari, na ilipofika Palma Hashimu akaweka chini pimamaji, akamwomba mwenye nyumba ruhusa, akarudi.

Aliingia alasiri, begi la vyombo begani, vumbi hadi kwenye nyusi. Alikuwa mtu mpole, mwenye maneno machache. Saida alimwamkia kaka yake akiwa anatazama chini, kisha akasema anakwenda kwa Albertina kuomba kiberiti, ingawa kiberiti kilikuwa juu ya meza mbele yao. Mwanaisha akamwandalia mumewe maji ya kuoga, akamwandalia chakula. Hashimu akala chote. Akanawa.

"Mama Riziki."

"Abee."

"Nimesikia."

"Umesikia nini?"

"Nilichosikia." Akajifuta mikono taratibu, kidole kimoja kimoja. "Nimefikiri njia nzima. Kwenye mtumbwi nimefikiri, kwenye gari nimefikiri. Miye nimekuacha miezi yote hiyo, simu yenyewe napiga mara moja moja. Basi. Mtoto hana kosa. Nitamlea. Ila huyo baba yake asikanyage hapa."

Mwanaisha alijua mwanamume mwingine angekuja na talaka mfukoni, na kuna upande wa roho yake ulioyeyuka pale pale kwa upendo. Lakini upande mwingine ukawaka, na ndio uliowahi kufika mdomoni.

"Kwa hiyo umeamini."

"Watu wote wanasema..."

"Hao watu wote ndio unaolala nao wewe? Umenioa Riziki hajazaliwa, leo Riziki ana watoto wake huko Masasi, na bado unatoka Palma hadi hapa kuja kunisamehe kosa ambalo hukuniuliza kama nimelifanya!"

Akainuka kwa ghadhabu, chumba kikazunguka, akashika mlango, akasubiri, akaenda. Alirudi na kopo, akalipindua. Iliki na vidonge vikamwagika pamoja juu ya mkeka.

"Huyu hapa mtoto wako. Mlee."

Hashimu akaokota kidonge kimoja, akakinusa. "Dawa za nini?"

"Za moyo. Nina moyo. Kizunguzungu hiki ni cha dawa, miguu ni ya dawa, kichefuchefu ni cha dawa, chooni napelekwa na dawa. Umeridhika?"

Hashimu akapauka. Akapiga magoti, akazungusha macho chumbani kana kwamba kuna mtu amelala, na sauti yake ikashuka hadi chini kabisa. "Kaa. Kaa chini, mke wangu. Usipandishe sauti. Usifikirie kitu chochote. Sahani nitaosha mimi. Na Riziki tusimwambie."

"Umeona?" alisema Mwanaisha, na machozi yakamtoka. "Ulipodhani nimezini uliongea na mimi kama mtu mzima. Umesikia naumwa, unaninong'oneza. Ndiyo maana sikusema, Hashimu. Ndiyo maana."

Hashimu, bado magotini, akakigeuza kidonge kiganjani. Akauliza swali pekee lililomjia, nalo lilikuwa zuri.

"Unavinywaje hivi?"

"Alfajiri. Vyote."

"Vyote kwa pamoja?"

"Ningevinywa saa ngapi, na dada yako yuko kila mahali?"

"Mwanaisha," alisema fundi, na safari hii hakunong'ona. "Hata miye lipu siipigi siku ileile ninayomwaga msingi."

Mlango wa uani ukasukumwa. Saida aliingia. Hakuwa amekwenda kwa Albertina wala kokote. Alikuwa amesimama nje muda wote ule, na macho yake yalikuwa mekundu. Hakusema samahani, kwani Saida hakuwa na mazoea na neno hilo. Alivuta ungo, akakaa chini, akaanza kuchambua vidonge na iliki, hivi huku, hizi huku, kama anayechambua mchele wa hitima.

*

Walikwenda zahanati watatu, ingawa Mwanaisha alitaka kwenda peke yake. Tabibu alikuwa kijana mmoja anaitwa Joshua, mchangamfu. Alipouliza, kama anavyomwuliza kila mwanamke, "Mama, una ujauzito?" wote watatu walijibu "Hapana!" kwa sauti iliyowafanya watu wa kwenye foleni wachungulie.

Joshua alimpima presha amelala. Akamwambia asimame, akampima tena, na wakati anampima, Mwanaisha akashika meza.

"Basi ndiyo hiyo," alisema Joshua. "Ukilala presha yako ni nzuri. Ukisimama inaporomoka, damu inachelewa kufika kichwani. Hebu niambie unavyomeza dawa."

Mwanaisha akamweleza. Aliona aibu kusema habari ya kopo la iliki, lakini Saida alimsaidia kulisema.

"Mama, hizi dawa si adui," Joshua alisema. "Hii inafungua mishipa. Hii inatuliza mapigo. Hii inatoa maji mwilini. Hii inausaidia moyo usukume. Kila moja kati ya hizi inaweza kushusha presha. Ukizituma zote kazini kwa wakati mmoja, tumbo tupu, halafu ukainame kwenye joto la moto, lazima uanguke. Na siku uliyoziacha zote ghafla ulijiweka kwenye hatari kubwa kuliko hiki kizunguzungu. Usirudie hata siku moja. Dawa ikikusumbua, njoo tuzungumze."

Akampigia simu daktari wa hospitali kubwa, wakazungumza kwa muda. Ile ya mishipa, iliyokuwa inajaza miguu, wakaibadilisha. Ya maji na ya kuusaidia moyo akaambiwa azinywe asubuhi baada ya chai, na ya kutuliza mapigo baada ya chakula cha jioni. Hiyo mpya ya mishipa isubiri wakati wa kulala, ili ikifanya kazi yake yeye yuko kitandani tayari. Akafundishwa na kuamka. Asiruke. Akae kwanza ukingoni mwa kitanda, achezeshe miguu, avute pumzi, ndipo asimame akiwa ameshika kitu, na asiondoke hadi aone dunia imetulia.

"Chumvi upunguze," aliongeza Joshua. Saida akakohoa.

"Na kupika?" aliuliza Hashimu. "Anapikia shughuli, huyu. Masufuria makubwa."

"Kupika sikatazi. Kuinama juu ya moto na kunyanyua masufuria, hapana. Akae kitini, wengine wabebe."

"Pilau haipikwi kwa kukaa," alisema Mwanaisha.

"Hilo sijui, mama. Miye najua presha."

*

Dawa zikahama kwenye iliki, zikawekwa juu ya kabati, mahali pa wazi. Asubuhi Saida alikuwa akiweka chai na vidonge pamoja. Miguu ikanywea. Kichefuchefu kikaisha, samaki akaliwa tena. Kizunguzungu hakikuisha kabisa. Siku za jua kali kilikuja kumwamkia, naye akakishikia ukuta hadi kikapita. Hashimu akakaa nyumbani hadi alipoona anaweza kuondoka, akarudi Palma kumaliza nyumba ya watu. Kabla ya kuondoka alipita kwenye bao, akakaa na wanaume wenzake mchana kutwa, akawaeleza. Mimba ile ikafa siku moja, na hakuna aliyekiri kuwa alikuwa ameiamini.

Lakini habari iliyochukua nafasi yake ndiyo ile ile aliyoiogopa.

Harusi iliyofuata ilikuwa mtaa wa Shangani. Mwanaisha alifika mapema, na kabla moto haujawashwa akawaambia wapishi wenzake mwenyewe, kwa mdomo wake, kwamba ana moyo, anatumia dawa, hana mimba wala hana kifo, na kazi yake anaijua. Wakamsikiliza vizuri sana. Kisha Albertina, kwa mapenzi yote, akachukua kiti, akakipeleka kivulini, mbali, kwenye ukuta wa upande wa wageni.

"Kaa hapa, dada. Moshi haufiki."

Wakamletea soda. Wakapunguza redio. Wanawake wawili waliokuwa wanaongea habari ya mtu aliyerudishwa kwao na mumewe walimwona anageuka, wakaanza kuongea habari ya mvua. Mwanaisha akaishika ile soda bila kuifungua. Kutoka pale aliona mgongo wa Saida, mwiko mkubwa mkononi, akiamuru watu. Hakuna aliyekuja kumwuliza maji yatoshe vipi wala mchele uingie lini. Alijiona amekwisha kuzikwa na watu wako kwenye chakula cha matanga yake. Akatazama pembeni ili wasimwone analia, maana wangemkimbilia.

Kule motoni Saida alionja mchuzi, akakunja uso. Akaonja tena. Akageuka, akatazama uwanja wote hadi kwenye kile kiti.

"Mwache, usimsumbue," mmoja alimwambia. "Amepumzika."

Saida akachota mchuzi kwa mwiko, akakatiza uwanja nao, unadondoka njiani, akapita katikati ya wageni waliovaa vizuri wakikwepesha nguo zao, akasimama mbele ya wifi yake.

"Onja."

Mwanaisha akaonja. Akazungusha ulimi mdomoni, akafikiri.

"Hamna chumvi."

"Chumvi ipo."

"Hamna."

"Ipo! Wewe chumvi umekatazwa na daktari, utaijulia wapi?"

Wapishi wote wakaacha walichokuwa wanafanya. "Saida!" Albertina alipiga kelele kutoka kwenye nazi. "Ntu ana moyo huyo!"

"Ana moyo, na miye nina nyongo," alisema Saida bila kugeuka. "Chumvi ipo. Mpishi gani huyu, anakaa huku kama mama wa bi harusi, ananywa soda, halafu anatukana mchuzi wangu?"

Mwanaisha alihisi damu inampanda usoni, na ilikuwa damu ya furaha tupu. Maneno yalimjaa kifuani yakisukumana, mengi, ya siku zote alizonyamaziwa. Akaweka soda chini, akajitupa mbele ili ainuke.

Saida akamwekea mkono begani, akamzuia.

"Taratibu," alisema, kwa sauti ya kawaida, ya nyumbani. "Miguu chini kwanza. Vuta pumzi. Ukishasimama sawasawa, ndipo unitukane."

Mwanaisha akaweka miguu chini. Akavuta pumzi, akashika mkono wa wifi yake, akasimama. Akasubiri. Ukuta ulibaki mahali pake, uwanja ukabaki mahali pake. Ndipo akamtukana Saida tusi moja refu, akalianzia kwenye mchuzi ule, akapitia vitunguu vyote alivyowahi kuunguza, akalimalizia kwa mwalimu aliyemfundisha kupika, kama alikuwapo. Wanawake wakavunjika mbavu. Mtu akaongeza redio, na Albertina akachukua kile kiti, akakirudisha karibu na moto.